Mkono wa Mama Kwa Letisia

Efrazia upo? Nimejificha nyuma ya ghala la ngano, nalia kama mtoto.

Wametangaza timu ya softiboli ya wilaya. Mimi simo.

Nilirusha mpira, wasichana wote wakapiga hewa kwa magongo yao. Wote! Mwalimu Sulle mwenyewe akapiga makofi. Halafu akanisimamisha na Letisia, yule mrefu aliyemchukua badala yangu, mbele ya watu. Eti, "Mrushaji awe mrefu. Wewe hata kwapani kwake hujafika."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mpandisheni juu ya debe!"

Hata kwapani hujafika. Alisema hivyo, Efrazia.

Nikamwangalia Letisia akirusha, mpira unaenda kwa watazamaji. Akarudia, vilevile. Mwalimu akanigeukia bila aibu: "Hebu mwonyeshe mwenzako unavyorusha."

Mwonyeshe mwenzako!

Nikamwonyesha. Ni kule kurusha kwa mama, mkono unapita chini karibu na goti, yeye na wenzake walivyokuwa wanafukuza ndege kwa madongoa enzi za shamba la ngano la serikali. Mama ni mfupi kuliko mimi. Huniambia ndege hauoni mkono unaotoka chini.

Letisia akajaribu. Mpira ukapita palepale ninapopitishia mimi. Uwanja mzima ukashangilia.

Akanikumbatia, ikabidi ainame. Akauliza kama kesho nitakuja kumfundisha tena.

Nimesema ndiyo.

Sasa mama ananisubiri nyumbani, ameshachinja kuku. Nitamwambia nini?