Mpira Uliorudi Kutoka Kushoto

Mdogo wangu mpendwa Mukendi,

Viatu vyako bado ninavyo. Juzi nilivipaka mafuta tena. Ngozi imekakamaa, lakini njumu zote zipo.

Ulinikabidhi pale gare, stesheni ya Likasi, ukiwa umekalia godoro lililokunjwa, katikati ya umati wa watu wa Kasai waliofukuzwa, wakingoja treni ya kuwaondoa Katanga. Wewe ulizaliwa hapa hapa Likasi na Kasai ulikuwa hujaitia machoni, ila baba yako alikuwa mtu wa kule, na hilo lilitosha. Mama yako, ambaye mimi humwita Mama Mudogo kwa kuwa amemfuata mama yangu kuzaliwa, alibaki kumuuguza bibi yetu. Alisema bibi akipata nafuu atawafuata.

"Yaya, huku banaibaka sana," uliniambia mimi mkubwa wako, Yaya wako, ukihofia wezi. "Unichungie bilatu. Nitarudia mbele ya saison kuisha."

Kisha ukafungua koti, ukanionyesha jezi ya koleji, shule yetu, ile ya kijani, namba kumi na moja, onze yako. Ulikuwa umeondoka nayo bila kumwambia Maître, kocha wetu, na ulifurahi kama mtu aliyeshinda kombe. Nilikwambia utamfanya mzee wa watu apate presha. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka pamoja, na nashukuru kwamba tulicheka.

Petit, mdogo wangu, acha nikueleze msimu ule, hiyo saison yako, maana hukuuona. Tulifungwa na kila mtu. Wenzetu wengine waliondoka kwa treni kama wewe, Maître akapandisha vitoto vya darasa la chini vilivyokuwa vikipotelea ndani ya bukta. Mabomba ya kiwanda yalikuwa hayatoi moshi, mgao wa unga wa kampuni haukuja tena, na Maître mwenyewe alifundisha bila mshahara, mkanda wake ukizidi kutobolewa matundu. Tulicheza tukiwa na chai tupu tumboni. Mechi moja kipa wa wapinzani alikaa chini akamenya karanga, na bado tukafungwa.

Upande wako hakuwekwa mtu. Jezi hakuna, na hata ingekuwepo, nani angeivaa? Tulicheza kumi. Na ubaya ulikuwa mguu wangu. Unakumbuka ulivyonifundisha kupiga kushoto bila kugeuza kichwa? "Usiangalie, Yaya. Tuma tu mupira. Minye niko pale." Basi mguu ule haukuelewa kwamba umeondoka. Kila mechi nilituma, na kila mechi mpira ulivuka mstari ukaenda zake kwenye majani. Watazamaji walinizomea: "Onze yako iko wapi? Anakojoa?" Maître alishika kichwa. Mimi nilikasirika mpaka nikalia, nikaapa sitarudia, halafu nikarudia.

Mama Mudogo hakukosa mechi hata moja. Alikuja na kigoda chake, akakaa upande wa kushoto karibu na mstari, na mpira ulipotoka aliuokota kwenye majani, akaufuta kwa kitenge, akaurusha ndani. Nilidhani anatuonea huruma. Siku moja nilimwomba radhi kwa kumsumbua. Akatabasamu. "Apana, mutoto wangu. Utume tu. Minye ninapenda ukitoka."

Sikumwelewa.

Mechi ya mwisho ilikuwa na vijana wa Kambove, waliofika juu ya lori, wageni kabisa, hawajui habari zetu. Ilikuwa mchana mweupe. Mvua ilikuwa imekatika na uwanja ulitoa mvuke. Tulikuwa tumeshafungwa manne. Nikapata mpira katikati, na bila kufikiri nikatuma kushoto, nikaanza kukimbia mbele. Hapo kelele zikakatika. Si kwamba watu walinyamaza kidogo kidogo, zilikatika. Nikasikia nyayo kwenye tope, nyepesi, za mtu anayekimbia peku. Mpira ukarudi kwangu. Ulidunda mara mbili na kutulia mbele ya mguu wangu wa kulia, vile vile ulivyozoea kunipa.

Nikafunga. Goli letu pekee la msimu mzima.

Watu wakaingia uwanjani, vitoto vikanirukia mgongoni, Maître akapiga magoti. Wengine walisema mpira uligonga jiwe. Uwanja wetu una mawe, nakubali. Lakini jiwe halijui mguu wangu. Nami kwa muda mfupi nilifurahi, Mukendi. Nilifikiri umerudi, nikageuka kukutafuta.

Niliyemwona ni mama yako. Alikuwa amefungua kitambaa cha kichwa na kukaa chini, kwenye tope, kando ya kigoda.

"Ashakuya," alisema. "Mutoto wangu ashakuya."

"Mama Mudogo, iko wapi?"

"Muntu muzima, mwenye kupumua bado, anakuyaka na treni," akanijibu, na hapo ndipo akaanza kulia.

Nilipokuwa namwinua, beki wa Kambove, yule wa kulia, alinijia akiwa anahema. Macho yake yalikuwa yanahangaika upande ule. "Ile onze yenu," aliuliza, "juu ya nini munamuchezesha bila bilatu?"

Viatu vilikuwa nyumbani, chini ya kitanda changu.

Jioni ile majirani walitoa godoro nje, wanaume wakawasha moto, tukakaa kilio bila mwili na bila habari. Wapo waliosema mama huyu amechanganyikiwa. Baadaye baba yako alituma neno kupitia mtu wa reli: homa ilikushika ndani ya wagoni, wakakuzika kando ya njia, na jezi mwilini. Mama Mudogo alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akampa maji ya kunywa. Yeye alikuwa ameshamaliza kulia.

Sasa namwelewa. Kila mpira uliovuka mstari ulimwambia kwamba wewe hupo pale, kwa hiyo uko mahali fulani, unapumua. Tulizomewa msimu mzima, kumbe tulikuwa tunapewa habari njema kila Jumapili.

Hadi leo nikipita pale koleji na vijana wanacheza, nasimama. Mpira ukienda kushoto moyo hunipiga. Ukitoka nje, huwa napumua, nacheka peke yangu, na watu hunishangaa. Ningekubali kufungwa tena mechi zote zile, na kipa ale karanga zake. Nakukosa sana, petit. Mahali ulipo, pumzika. Na siku nyingine nikisahau, nikituma mpira, nakuomba usiwe pale.

Yaya wako,
anayekuchungia viatu.