Njia ya Mifereji Uliyoichora, Kaka

Kaka Muriithi,

Sauti inayonirudia ni ya stendi ya baiskeli yako. Ile ya chuma, ulikuwa ukiipiga teke mara moja inapanda na kugonga fremu: tak. Ulikuwa umeishusha dakika mbili tu kabla. Nilikuwa nimekupa mgongo, kwa hiyo sikukuona ukiondoka. Nilisikia tu.

Nimekaa miezi mitatu nikiandika barua hii kichwani. Kila mara naanza na kitu kingine: mazishi, mvua iliyonyesha nyumbani Mwea siku ile, Mama anavyoendelea. Mama anaendelea. Lakini nikianza na Mama nitakuwa najificha nyuma yake, na nimejificha vya kutosha.

Unakumbuka ilivyoanza. Kalenda ya mapokezi, kwenye jengo ulilokuwa ukilinda hapa Qatar, Lusail, ilikuwa na picha ya Uskoti: ziwa refu jembamba katikati ya milima, na pembeni mfereji wenye njia ya baiskeli. Mwezi ulipokwisha uliwaomba ile karatasi, ukanipigia simu. "Injinia, kuna watu huko wanaendesha kando ya mfereji kama sisi. Tofauti ni kwamba hawajabeba mchele." Ni kwenye kingo za mifereji ya Mwea uliponifundisha baiskeli, ukikimbia nyuma yangu na mundu mkononi kwa sababu ulikuwa umetumwa nyasi.

Ulikuwa na kanuni moja kutoka nyumbani, na ilifaa hata Uskoti: njia ya mfereji haina mlima ila kwenye mageti. Ukachukua ramani ya simu, ukahesabu mageti yote ya kupandishia mashua, ukachora safari ya siku nane, mifereji na maziwa hadi Inverness. Na kwa kuwa ndivyo kazi ilivyokuzoeza, uliandika kama unavyoandika kitabu cha lindo.

"0700. Kuondoka Ardrishaig. Mageti kumi na matano hadi Crinan. Hali shwari."

"0815. Banavie. Mageti manane mfululizo. Panda polepole. Hali shwari."

Hali shwari, mahali ambapo hukuwahi kukanyaga. Nilicheka sana. Kisha nikaichapa upya. Nilifuta saa zako, nikafuta hali shwari, nikaweka ramani ya rangi, na juu nikaandika jina langu.

Kikundi chetu unakijua kwa maneno yangu: Wakenya wanane, wauguzi, wahasibu, watu wa kompyuta, tunaoendesha kila Ijumaa kabla jua halijawa kali. Waliipenda. Kiprono, mhasibu anayetuongoza, alisema, "Huyu msichana ana kichwa." Nikatabasamu. Wakaamua hiyo ndiyo safari yetu ya mwezi wa sita.

Wewe ulifurahi tu kwamba kuna watu wataiendesha. Ukataka kuwaona. Kila wiki nilikuambia wiki ijayo.

Ijumaa ile ulikuja bila kuniambia. Ulikuwa umetoka shifti, bado na sare, juu ya ile baiskeli nyeusi nzito yenye keria ya mizigo. Daftari ulimoiandika safari lilikuwa kwapani. Ulikuwa umegundua kwamba siku ya nne ni ndefu mno kwa Akinyi, muuguzi niliyekuambia kwamba huchoka mchana, na ulitaka kutueleza pa kuikatia.

Kiprono ndiye aliyekuona kwanza. "Wasee, trekta imefika." Wakacheka. Na mimi nikacheka, kaka. Akinyi akaniuliza, "Ni nani huyo anakupungia mkono?"

Nikasema, "Ni soja wa jengo moja hapa karibu."

Hakuna neno la uongo hapo. Nimelipitia moja moja nikitafuta, ili angalau niwe na uongo wa kutubu.

Ulikuwa umeshafika karibu. Ulisikia. Niliona uso wako ukifikiri, kidogo sana, halafu ukasimama wima kama ulivyokuwa ukisimama lifti inapofunguka. Ukanipa chupa ya maji baridi. "Madam, maji yako." Ukarudi nyuma hatua tatu, nami nikakupa mgongo. Ulinisaidia kukukana.

Mchana ulipiga simu kama kawaida. "Ulikunywa yale maji?" Nikasema ndiyo. Nafasi ilikuwa pale, wazi. Tukaongea kuhusu mbuzi wa Mama.

Wiki tano baadaye ulirudi kutoka kazini, ukalala, hukuamka. Moyo, daktari alisema. Kikundi kilinitumia rambirambi. Kiprono aliandika, "Pole sana dada, tunasikitika hatukubahatika kumjua." Nikajibu asante.

Nilipokuja kwenye kambi yenu ya wafanyakazi kuchukua vitu vyako, Ssali, yule Mganda mliyekuwa naye chumba kimoja, alinitazama akasema, "Wewe ndiyo Injinia? Sisi wote hapa tunakujua. Alikuwa anasema utakuja, kazi ikikupa nafasi." Kutoka kwangu hadi kambi hiyo ya Muaither ni dakika ishirini kwa gari. Miaka miwili, sikuwahi kufika. Akanipa daftari. Nililifungua ndani ya teksi, nikaitafuta Ijumaa ile.

"Ijumaa. 0610. Nimefika. Nimemwona Dada na wenzake. Anaendesha vizuri, mgongo umenyooka. Maji amepewa. Hali shwari."

Ungeandika hata neno moja la uchungu, ningeweza kulia.

Ijumaa iliyopita, baada ya kuendesha, tulipokuwa tunakunywa chai ya karak, niliwasomea ukurasa huo. Nikawaambia yule soja alikuwa kaka yangu, tumbo moja, na njia ni yake yote. Kiprono aliweka kikombe chini. "Ile siku ya trekta?" Nikaitikia. Akinyi aliomba daftari akatafuta siku ya nne: "1300. Muuguzi huchoka. Apumzike hapa, kuna kivuli." Alisoma mara mbili. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Si ungesema tu?"

Nikalipokea daftari, nikalifunga.

Halafu wakaanza kunihurumia. Wakanikumbatia, wakasema safari ipewe jina lako na mimi nitangulie mbele kila siku. Nikaona kinachotokea. Aibu yangu ilikuwa inageuka hadithi nzuri, nami ndani yake mtu wa kupendwa. Ile huruma ilikuwa yako. Ungeweza kuipata ukiwa hai, kwa sentensi moja kutoka kwangu.

Basi wao watakwenda mwezi wa sita. Karatasi watakazobeba zina jina lako juu, na saa zako zote nimezirudisha. Mimi nitakwenda mwezi wa tisa, peke yangu, na sitaruka geti hata moja. Atakayeniuliza njiani nani alinielekeza, nitakutaja wewe, na kazi uliyokuwa ukifanya, na kwamba tulinyonya titi moja. Hiyo nakuahidi. Pumzika, mwana wa mama. Umelinda vya kutosha.

Jumatatu nilimwandikia Kiprono anitoe kwenye orodha ya safari. Amenitoa.

Dada yako