Ukungu wa Ziwa la Pili

Langoni, 3 Agosti

Mwanangu,

Nakusalimu kutoka kwenye benchi la mbao lenye msumari uliojitokeza, kwa hiyo naandika nimekaa upande. U hali gani wewe, na huyo mpiga mateke wa tumboni? Presha imeshuka? Mkwe wangu bado yuko safarini na lori lake? Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Siko kwa shangazi yako. Niko kwenye lango la msitu, huku milimani, na Kipara, fundi mwenzangu, yuko ndani anabishana na askari kuhusu uzito wa begi lake. Tumekuja kutembea. Kesho tunaanza kupanda, tuyapitie yale maziwa ya juu, tulale kwenye turubai, tutokee upande wa pili wa mlima. Simu huku haishiki, lakini kituo cha ziwa la kwanza kina askari, na barua hupanda na yule anayepeleka vyakula. Madereva wa basi unawajua, wote wamepitia mikononi mwangu. Mpe yeyote, itanifika.

Ningekuambia mapema ungefunga mlango na kuficha viatu vyangu. Lakini sababu ninayo. Macho ya Kipara yanakwisha. Daktari amemwambia waziwazi kwamba hata miwani haitasaidia. Akaja gereji nilikokwenda kuwasalimia vijana, akanivuta pembeni, akasema, "Maisha yangu yote nimetazama matumbo ya mabasi. Nataka kuona kitu kingine kabla sijafungiwa pazia." Ningemwambia nini? Niende nikaulize ruhusa kwa binti yangu?

Usihangaike. Tuna chakula, panga, jiko dogo na akili mbili, japo moja ni ya Kipara.

Baba yako

*

Nyumbani, 5 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mtoto hajambo, anacheza kama ana mkutano. Presha ilikuwa imeshuka mpaka nilipopata barua yako. Mume wangu bado yuko barabarani.

Nimempigia shangazi. Na yeye alikuwa anajua! Mmenizunguka wote.

Baba, unaijua kazi yangu. Kutwa nzima nimevaa vile vidude masikioni, napokea simu za watu wenye dharura. Kila wiki napokea mtu aliyesema "nakwenda mara moja tu". Nawauliza uko wapi, wananiambia "kwenye miti". Miti gani, baba? Mwezi uliopita mwanamke mmoja alinipigia akiwa kwenye korongo, betri ikamwishia sikioni mwangu. Mpaka leo nikishika sikio nasikia alipokatika. Sasa unanitaka nikae huku na mguu uliovimba, nikijua baba yangu yuko msituni akimwongoza kipofu!

Nisamehe, Mzee Kipara si kipofu. Namhurumia kweli. Lakini mlima hauna haraka, ungeweza kungoja nijifungue. Mama hayupo, mume wangu hayupo. Nilikuwa nahesabu kwamba wewe ndiye utakayekaa kwenye kile kiti cha nje ya wodi.

Nakuomba mgeuze. Kama hamgeuzi, msivuke kituo cha mwisho chenye askari. Na usimwachie hata hatua moja.

Binti yako, mwenye hasira na mapenzi

*

Kituo cha ziwa la kwanza, 7 Agosti

Mama,

Natumaini mguu umepungua na hasira pia. Barua yako imenikuta hapa. Nilimsomea Kipara kwa sauti, nikaliruka neno "kipofu", lakini ananijua. Akasema, "Soma na hilo ulilomeza."

Hatujambo. Njia ndiyo imetutoa kijasho. Si njia tena, ni kumbukumbu ya njia. Makangaga yanafika kifuani, kuna majani yanayowasha mpaka machozi yanatoka, na miti iliyoanguka imelala ovyo kama magari yaliyogongana. Kwenye matawi kuna ndevu za kijani zinazoning'inia na kukupapasa usoni. Kipara anashika mkanda wa begi langu kwa nyuma. Kwenye mwanga anaona kiasi, lakini kivulini ni mimi ndiye macho yake. Kutwa nzima nasema: mzizi, jiwe, inama, tope. Koo limenikauka.

Ziwa la kwanza tumefika likiwa limefunikwa na ukungu mzito. Kipara alisimama ukingoni muda mrefu sana, akaniuliza, "Ndilo hili?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi ni kama nyumbani kwangu nikivua miwani."

Askari wa hapa, mama mmoja asiyependa mchezo, ametuambia kwamba baada ya ziwa la pili njia haijafyekwa tangu mvua zile kubwa, hakuna aliyepita. Kwa hiyo habari ya kutokea upande wa pili imekufa. Mimi nilisema turudi moja kwa moja. Kipara hakubishana, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikaa tu akifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Mwishowe akasema, "La pili tu. Huko juu huwa kunafunguka."

Nimekubali. Tunakwenda la pili na kurudi kwa njia hiihii. Tarehe 10 tutakuwa hapa, askari ameandika. Najua ulivyoniomba. Usinichukie.

Baba yako

*

Hospitali, 12 Agosti

Baba,

Shikamoo, popote ulipo. Nakuuliza hali na sijui namwuliza nani.

Jana nilipiga simu langoni. Wakaita kituo cha ziwa la kwanza kwa redio, wakaniambia hamjarudi. Nikawaambia labda mmechelewa tu, wazee wanatembea polepole. Nilikuwa natumia ile sauti ninayowapa wateja wangu wa simu, na yule askari wa langoni naye alikuwa anatumia sauti hiyohiyo kwangu. Tulipolitambua hilo tukaagana upesi.

Presha imepanda, wamenilaza. Kitanda cha dirishani. Naona mawingu yanakwenda upande wa kwako.

Sijakuchukia. Nataka ulijue hilo kwanza.

Binti yako

*

Hospitali, 13 Agosti

Baba,

Wameanza kuwatafuta. Wamefika ziwa la pili, wameona majivu na mahali palipolaliwa. Nyie hampo. Mvua inanyesha, wamesema mvua ikizidi watasubiri.

Mwenzangu wa kazini anapiga simu langoni kila baada ya muda, mimi nimekatazwa kushika simu. Kila mlango wa wodi ukifunguka nainuka kitandani.

Barua hii naipa basi. Lazima kuwe na kitu kinachokuja kwako.

Binti yako

*

Kituo cha ziwa la kwanza, 16 Agosti

Mama yangu, mwanangu,

Niko hai. Kipara yuko hai. Najua langoni wameshakupigia simu, lakini nataka uyaone maandishi yangu. Vipi hali yako? Nimekuta barua zako mbili hapa na nimezisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitanyanyuka.

Ziwa la pili tulifika salama. Ukungu tena! Tukaona tungoje siku moja. Haukuondoka. Tukaanza kurudi, na mahali fulani nikashika njia ambayo haikuwa njia, ni wanyama tu walikuwa wameipitia kwenda kunywa maji. Nilipogundua tulikuwa tumeshateremka bonde jingine na nyuma yetu majani yamejifunga kama hatukupita. Hapo Kipara akatumbukiza mguu kati ya mizizi. Nilisikia mlio. Kifundo kikavimba saa hiyohiyo.

Ulinionya nisimwachie hata hatua moja. Nilimwachia. Nilimweka chini ya jiwe kubwa, nikamfunika turubai, nikamwachia chakula na vyombo, nikachukua panga nikaitafute njia. Nikawa navunja vijiti vya alama. Mwanangu, katika msitu ule kila kijiti kimeshavunjika. Nilipogeuka nimrudie, sikujua nimetoka wapi.

Nikaita. Akaitika. Lakini milima ile inarusha sauti. Alikuwa anaitika mbele yangu, nyuma yangu, hata majini. Nilikimbia huku, nikakimbia kule. Nikaanguka nikachanika mkono. Halafu akaacha kuitika. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku mama yako alipozidiwa, kwa sababu siku ile angalau nilikuwa nimemshika.

Nikakaa kwenye matope, nikajiambia nimemuua rafiki yangu.

Ndipo nikasikia: ko. Kimya. Ko-ko. Kimya. Ko.

Sufuria. Gerejini, mmoja akiwa mvunguni na mwingine kwenye usukani, hatukuwa tunasikilizana kwa sababu ya injini. Basi, yule wa mvunguni hugonga chasisi kwa spana: mara moja, kanyaga breki, mara mbili, achia. Kipara sauti ilikuwa imemkauka, akachukua sufuria na jiwe, akawa ananiambia kanyaga, achia, kanyaga, achia. Mlio wa bati haudanganyi kama sauti ya mtu. Nikawa napiga hatua, nasimama, nasikiliza, napiga hatua. Alikuwa upande ambao ningeapa hayupo.

Nilimkuta na sufuria mapajani imebonyea kabisa. Hakulia wala hakunikumbatia. Akasema, "Breki zako zimekuwa nzito siku hizi." Mimi ndiye niliyelia.

Baada ya hapo sikumwacha tena. Nilimkokota mpaka ufukweni mwa ziwa, nikaona kama tunatafutwa basi watatutafuta palipo wazi. Ni ziwa lilelile la pili, ila ng'ambo ya mkono wa maji unaoingia kwenye bonde lile, ndiyo maana watafutaji hawakutuona mwanzoni. Mvua ikatupiga. Biskuti zikawa unga. Kipara akapata homa, akawa anaongea na mafundi waliokwisha kufa zamani.

Jana asubuhi aliamka akili zimetulia. Nilikuwa nakamua soksi zake. Upepo ukaja, mama, na ukungu ukanyanyuka wote kwa pamoja, kama mtu anavyofunua boneti. Maji yakawa wazi mpaka ng'ambo, meusi karibu yetu na kijani kule mbali, na milima yote imesimama kichwa chini ndani yake. Nikamgeuza uso kwa mikono yangu. Nikamwuliza, "Unaona?"

Akakaza macho majini. Halafu akasema, "Mbona dogo?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini hakuondoa macho. Hakupepesa, nilimtazama. Machozi yalimtoka kwa kukataa kupepesa. Alikaa hivyo mpaka ukungu ukarudi, na kicheko chetu ndicho walichosikia askari.

Sasa wanamshusha kwa machela, polepole, na mimi nafuata nyuma. Kesho jioni au keshokutwa tutakuwa langoni. Askari mwepesi wa miguu ametangulia na barua hii.

Jambo moja linanikaa kooni. Barua yako ya mwisho ni ya tarehe 13. Leo kwenye redio nilimwambia askari wa langoni aniulizie hali yako. Akasema, "Anaendelea." Nikamwuliza anaendelea vipi. Akasema betri ya redio inaisha.

Mimi nimeishi na mafundi. Najua mtu anapoficha gari lililoharibika. Niandikie, mwanangu.

Baba yako

*

Hospitali, 17 Agosti

Baba,

Shikamoo. Pole na mkono, pole na matope. Mpe Mzee Kipara pole zangu zote. Nimecheka hapo kwenye "mbona dogo", na kucheka kunauma, utajua sasa hivi kwa nini.

Usimgombeze askari wa langoni. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilijua akikuambia ungemchukua mgonjwa mgongoni na kuuteremka mlima kwa kukimbia, kisha ningewapoteza wote.

Tarehe 14 usiku presha ilikataa kushuka, wakanipasua. Ni msichana. Amekuja kabla ya wakati wake. Yuko kwenye kile kisanduku cha kioo chenye joto, ana mrija puani, na kiganja chake kinaishia kwenye ukucha wangu. Nimemwuliza daktari, nikamwuliza tena. Anasema kila siku inayopita ni yetu, zaidi ya hapo hasemi. Mume wangu amepata habari, amegeuza lori, lakini yuko mbali.

Nilipopelekwa kupasuliwa mlikuwa bado hamjapatikana. Nilipozinduka siku ya pili yake muuguzi aliniambia mambo mawili kwa mkupuo, kwamba nina mtoto na kwamba nina baba, nami nikadhani ni dawa.

Tangu siku hiyo sijalala. Nikifumba macho naona hatanyanyua kifua. Basi nakaa kwenye kiti kando ya kioo, nazitazama pumzi zake moja moja. Wauguzi wananifukuza, narudi.

Barua hii utaikuta langoni. Panda basi la kwanza. Usipitie nyumbani kubadilisha nguo. Ukifika, ni ghorofa ya juu, mlango wa mwisho. Nawa mikono mpaka viwiko, watakupa koti jeupe. Usiniulize kitu, wala usinipe pole. Vuta kiti, kaa karibu na kioo, umtazame kifua. Usimwondolee macho.

Mimi nitalala.

Binti yako