Mpaka wa Mama Emérita

Jumanne, 8 Februari 2022

Mama amepika mbegu! Kikapu kizima cha maharagwe ya kupanda. Jumamosi aliyachanganya na majivu yeye mwenyewe, wadudu wasiyaguse. Leo ananiuliza ni mjinga gani aliyetia majivu kwenye chakula. Nikamfokea. Akalia. Tumekula — tufanye nini? Majirani wanasema uchawi. Wengine uzee. Ana miaka hamsini na nane, uzee gani?

Alhamisi, 10 Februari

Nimempeleka centre de santé, zahanati yetu, tope hadi magotini. Infirmière Céline, muuguzi wa pale, amesoma karatasi za hospitali ya Kampala, za mwaka 2018, Mama alipopigwa miale kichwani kuua uvimbe. Akanieleza polepole: ile miale huweza kugusa hata sehemu za ubongo zisizo na ugonjwa. Uvimbe unakufa, lakini miaka ikipita akili inachoka. Ya zamani yanabaki. Mapya hayashiki.

Hakuna aliyetuambia! Miaka minne namwita mama yangu mzembe. Yule daktari hakuwa na hata sentensi moja ya kutupa? Marehemu Papa angeikubali ile mashine ya miale vilevile, bila hiyo tungemzika Mama mwaka uleule. Najua. Lakini nisingemfokea.

Njiani kurudi alinitajia wasichana wote aliobatizwa nao, mmoja mmoja. Na mara tatu akauliza tunatoka wapi.

Jumapili, 13 Februari

Kanyamibwa! Kikulacho ki nguoni mwako. Baada ya misa, mbele ya chef Rukundo, mkuu wa kilima chetu, jirani yetu huyu amesema kile kipande cha mtoni ni chake. Mwaka 2020 alibadilishana na Papa: sisi kipande cha chini penye maji, yeye cha juu. Shahidi alikuwa Mama peke yake. Mimi nilikuwa Ngungu nafundisha. Wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, yakaisha. Karatasi hakuna. Papa alisema atapanda miyenzi, miti ya ua, kwenye mpaka mpya mvua ikirudi, akafa kabla ya mvua. Sasa Kanyamibwa anadai kile cha juu Papa alimpa zawadi tu.

Chef akauliza nani shahidi. Mimi sikuthubutu kumtaja Mama. Kanyamibwa ndiye aliyemtaja. "Mama Emérita hasemake bongo, hajuake uongo. Atembee mupaka ye mwenyewe, siye tutamufata nyuma." Watu wakakubali wote. Nilidhani labda Mungu amemgusa.

Jumatatu, 14 Februari

Mungu hajamgusa. Mama Euphrasie wa hapo chini ameniambia: Kanyamibwa amekuja mara mbili nikiwa shuleni. Alikaa na Mama, akawa anamuuliza tu mambo ya mashamba.

Nikamuuliza na mimi. Mama, mpaka wetu na Kanyamibwa uko wapi?

"Pale ku jiwe kubwa. Baba-mukwe njo alipanda ile miyenzi, mi nikiwa bibi-arusi."

Na kubadilishana?

"Nani alibadilisha?"

Basi nimeelewa. Mbwa yule alikuja kupima kilichobaki kichwani mwa mama yangu.

Mchana wote nimemfundisha kama katekisimu. Papa na Kanyamibwa walibadilishana, Mama. Sema. Anasema. Ugali ukaiva, nikamuuliza tena: jiwe kubwa. Tukaanza upya. Jiwe kubwa. Nilitupa mwiko ukutani. Akauokota, akauosha, akaniuliza nani amenikasirisha.

Jumatano, 16 Februari

Tuko barazani kwa Mama Euphrasie. Naandika juu ya goti.

Asubuhi Mama alivua viatu, kama shahidi anavyofanya, akatembea mbele yetu sote. Hakusita hata hatua moja. Sijamwona ametulia hivyo tangu Papa afe. Akafika kwenye jiwe kubwa, akaweka mguu. "Njo hapa." Na kweli ndipo palipokuwa mpaka, kabla ya kubadilishana! Hakusema uongo hata neno. Kanyamibwa akamshika mkono kwa mikono miwili, aksanti Mama, aksanti. Nilitamani jembe.

Chef akauliza kama kuna anayepinga kabla miyenzi haijapandwa.

Nikasema, mimi.

Akaniuliza kwa nini. Watu wote wananitazama, Mama naye. Kilima hiki chote humwita yeye kwenye kesi, kwenye ndoa, kwenye mirathi. Hilo ndilo jina lake. Niseme kichwa chake kimeungua? Mbele yake? Yeye atasahau kabla hatujafika nyumbani. Wao hawatasahau. Na nisiposema, kipande cha maji kinakwenda, na kile cha juu hakirudi. Nikaomba muda. Chef akasema tupumzike kidogo, kisha niseme sababu au ninyamaze.

Kanyamibwa amekaa pale chini ya mikaratusi, anamenya muwa. Ananitabasamia. Anajua sitaweza.

Mama yuko hapa ubavuni, anafuta tope miguuni.

"Byukusenge, nilisema muzuri?"

Ndiyo, Mama.

"Sasa weye unapinga nini?"

Chef ananiita.