Nta Niliyoifuta

Kwako mwanangu Nyangeta, ninayekuita mama kwa kuwa ulirithi jina la aliyenizaa,

Hapa Butimba tuko salama. Mama yako anakusalimu sana, anauliza Kigoma imekupa nini mpaka umesahau njia ya nyumbani. Usimjali. Juzi tu nimemsikia akimtambia jirani kwamba binti yake ndiye mkuu wa kalibu kwenye karakana ya boti huko Ziwa Tanganyika, na mimi nimekaa nyuma ya ukuta natabasamu peke yangu. Leo nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo la wakati wetu wa uanagenzi sijawahi kukuambia. Nimeamua nikuandikie waziwazi, kila anayetaka asome, maana sifa nilizopata siku ile nilizipata mbele za watu.

Lakini acha kwanza nicheke. Unakumbuka siku niliyokupeleka kujiandikisha kwenye karakana ya boti hapa Mwanza? Nilikuja kukusindikiza tu, na kusema kweli nilikuja kuwacheka. Miaka arobaini nimechonga mitumbwi ya mbao, tangu ujana wangu kule Majita mpaka hapa Mwanza, halafu mtu aniambie boti inatengenezwa kwa gundi na nyuzi za kioo! Nikaigonga ile boti iliyokuwa mlangoni kwa kifundo cha kidole, kama ninavyogonga mbao kusikia kama ina ugonjwa. Nikaigonga tena. Nikazunguka upande wa pili nikainama, nikatafuta mahali mbao zilipoungana, sikupaona. Ilikuwa imetoka ndani ya kalibu nzima nzima, kama mkate unavyotoka kwenye kopo. Yule dada wa ofisini alipokuuliza jina, mimi nikadakia nyuma yako, "Na wazee mnachukua?"

Ulinigeukia ukasema, "Baba, usiniaibishe."

Wakanichukua. Tukawa wanagenzi wawili kutoka nyumba moja, ovaroli mbili za bluu kwenye kamba moja ya nguo, na mama yako akituamsha alfajiri, "Haya, watoto wa shule!" Jioni tulikuwa tunawashwa mwili mzima na zile nyuzi, akatukataza kukalia makochi yake mpaka tuoge. Wateja wangu wa zamani walikuwa wanapita makusudi kuniangalia. Mmoja akasema ng'ombe hazeeki maini, mwingine akasema mzee ameishiwa. Wote wawili walikuwa na ukweli wao, maana mitumbwi ya mbao ilikuwa hainiletei tena wateja kama zamani.

Na mwalimu wetu Masanja, kijana wa kulingana na kitinda mimba wangu! Kila asubuhi, "Shikamoo mzee." "Marahaba." Na kabla hiyo marahaba haijapoa, "Mzee, hiyo gundi umechanganya kwa macho, kamwage." Nilikuwa napima kwa macho, ndiyo. Macho yangu yalikuwa hayajawahi kunidanganya. Siku ile niliyozidisha dawa ya kukaushia, ndoo ikaanza kufuka moshi mikononi mwangu, nikaitupa nikakimbilia ziwani na ovaroli yangu, nawe ulicheka mpaka ukakaa chini. Usiku huo ukanifundisha mezani kwa gundi ya kilo moja dawa ni gramu ngapi, ukitumia sukari ya mama yako. Nilielewa. Sikukushukuru wakati ule, nilisema sukari imemwagika.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Siku Masanja alipofundisha habari ya nta, mimi nilikuwa msibani Majita. Niliporudi hakuna aliyeniambia nimepitwa na somo gani, na mimi sikuuliza. Fundi wa miaka arobaini aulize nini? Ijumaa jioni wewe ulipewa kazi ya kupaka nta kalibu kubwa, ukaipaka, ukaisugua, ukaondoka. Jumamosi nilifika wa kwanza. Nikaiona kalibu inang'aa, nikapitisha kidole, nikahisi mafuta. Mama, mtumbwi wenye mafuta haushiki rangi. Hilo ndilo jambo la kwanza baba yangu alilonifundisha. Nikasema moyoni, watoto hawa wataweka rangi juu ya uchafu. Nikachukua tambara na petroli, nikaifuta kalibu yote, nyuma mpaka mbele, kwa upendo kabisa. Nikaosha mikono nikakaa kuwasubiri nimejiridhisha.

Tukaweka rangi, tukalaza nyuzi, tukapaka gundi, tukaiacha ikauke. Siku ya kutoa boti, winchi ikavuta mnyororo na boti ikanyanyuka pamoja na kalibu yake. Zimegandana.

"Nani alipaka nta?" Masanja akauliza.

"Mimi, mwalimu," ukasema.

"Ulipaka?"

"Nilipaka."

Akapitisha mkono ukingoni. "Hapa hakuna nta, Nyangeta. Kalibu kubwa ni moja tu hii, tukiivunja hatuna nyingine. Vua ovaroli ukae nje mpaka meneja aje."

Ndipo nikamuuliza yule kijana aliyesimama karibu yangu, polepole, nta yenyewe inafanya kazi gani. Akanieleza kwamba ndiyo inayozuia boti isigandane na kalibu.

Na hapa ndipo pasipojulikana na mtu. Wewe umeamini miaka yote kwamba baba yako alikumbuka ghafla, akasimama. Hapana. Nilijua palepale kijana aliponieleza. Nilijua, nikaenda kunywa chai. Nilichukua kikombe, nikachukua chapati, nikakaa juu ya mbao pamoja na wengine, na kupitia dirishani nilikuwa nakuona umekaa getini juu ya ndoo, umeinamisha kichwa. Hukulia. Ningekuona unalia labda ningewahi. Nilikuwa nawaza hivi: wale vijana wananiita injinia. Nikisema, nitakuwa mzee aliyefuta nta kwa tambara, na kesho nitaonekanaje nikipita sokoni? Nikawaza pia, na hili linaniuma zaidi, kwamba wewe bado mdogo, ukifukuzwa utapata kazi nyingine. Nilimaliza kikombe kizima, mama. Mpaka chicha za chini.

Halafu nikakuona unaikunja ovaroli yako. Uliikunja mara nne, taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya kwenda nayo kanisani, ukamkabidhi mlinzi, ukashika geti uende zako. Ndipo miguu ikanisimamisha. Nikapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka sokoni, "Masanja! Ile nta niliifuta mimi!"

"Mzee, uliifuta?"

"Niliifuta."

"Kwa nini sasa?"

"Nilidhani ni uchafu."

Unakumbuka jinsi Masanja alivyoanza kucheka? Alijaribu kujizuia kwa heshima, mabega yakatikisika, mwishowe akakaa chini kwenye vumbi. Wote wakacheka. Nilingoja aibu initafune, nikajikuta nami nacheka. Wewe ulirudi kutoka getini, hukucheka, ukasimama mbele yangu. "Baba, ungeniuliza tu." Basi. Kuuliza si ujinga, nimewaambia wanangu sita maneno hayo, na siku hiyo mmoja wao ilibidi anirudishie.

Yaliyofuata unayajua, lakini nipe raha ya kuyasimulia. Wao walitaka kutumia nyundo na chuma. Nikasema ngojeni, chuma kitaiumiza kalibu. Mtu wa mbao anajua namna ya kutenganisha vitu viwili bila kuviumiza. Nikaomba mbao laini za paina, nikachonga kabari nyembamba kama thelathini, nawe ukazipanga ukingoni kote. Wewe ukawa unamimina maji kwenye ufa, mimi nagonga. Kidogo huku, kidogo kule, tunazunguka. "Hapa, baba." Naja. "Rudi nyuma kidogo." Narudi. Tulizunguka mpaka saa kumi, na sijawahi kufanya kazi tamu kama ile maishani mwangu, kuagizwa na wewe. Kisha tukasikia kwaa! na maji yakafyonzwa yote kwa mara moja. Boti ikanyanyuka, safi, nyeupe, kalibu ikabaki chini na mikwaruzo miwili tu. Mlinzi alicheza. Masanja akanikumbatia akasahau heshima zake za shikamoo. Ukaichukua ovaroli yako ukaivaa hata bila kuikunjua vizuri, ikakaa upande upande mpaka jioni.

Vyeti vyetu viwili mama yako amevitundika sebuleni, chako juu, changu chini, anasema ndivyo alama zilivyokuwa. Mimi bado nipo karakana. Wanagenzi wapya wananiletea kalibu nizikague kabla ya rangi, na mimi kabla ya kugusa chochote nauliza. Nauliza mpaka wanachoka.

Jumapili ulipopiga simu, mama yako akaweka spika. Ukasema huko Kigoma mwanagenzi wako mmoja ameharibu kazi akaficha, ukamsimulia habari yangu. Ukasema, "Nimewaambia baba yangu alisimama palepale, hakungoja hata dakika." Mama yako akaniangalia kwa fahari ambayo sijaiona tangu harusi yetu. Mimi nikaitikia "eeh", nikatoka nje kuwapa kuku mahindi, na kuku walikuwa wameshakula.

Sikulala vizuri siku hizi tatu. Si kwa huzuni, usidhani hivyo, nina furaha nyingi kuliko ninavyostahili. Ila yule kijana wako aliyeficha, nimemfikiria sana. Ukimwambia kuna mzee aliyesimama bila kungoja dakika, atajiona yeye tayari ameshashindwa, maana dakika yake imepita. Atanyamaza moja kwa moja. Mimi namjua huyo kijana. Nimekaa naye juu ya ile mbao nikila chapati.

Kwa hiyo wasimulie upya, mama. Waambie mzee alijua, akanywa chai mpaka chicha, na binti yake alikuwa getini. Waambie alichelewa sana. Halafu umwangalie huyo kijana usoni, umwambie kwamba geti lilikuwa bado halijafungwa.

Ni mimi baba yako, na mwanagenzi mwenzako.