Mahari Aliyoitaja Najat

Kimandolu,
Arusha.
27 Aprili 2025

Mpendwa kaka Abdulsalam,

Assalaam alaikum, na shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi Kauthar na watoto mnaendelea vizuri huko Lusaka, na kwamba ule mgongo wako umetulia. Acha kunyanyua vyuma vya malori peke yako, umri umekwenda. Sisi huku hatujambo. Masika yameshika kweli kweli. Wiki nzima hatujauona Mlima Meru, na nguo hazikauki.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na hili nataka ulipate lote kabla hujasema neno. Yule kijana Uwesu aliyemposa binti yako Najat, ninamjua. Nina kisa naye.

Mwaka jana alikuja dukani kwangu na shati la benki na tabasamu lake. Akanipa fomu ya kadi ya mkopo, akasema nisipoitumia sitadaiwa kitu. Nikasaini. Kadi nikaiweka kabatini chini ya kanga, haikuwahi kununua hata kiberiti. Kumbe ilikuwa inakula yenyewe! Ada ya mwaka, bima ya kadi, riba juu ya hiyo ada, na faini ya kuchelewa kulipa deni ambalo sikujua kama ninalo. Wakavuta kwenye akaunti yangu, na hela niliyoweka ya kununua cherehani ya pili ikaisha karibu yote.

Nilikwenda benki. Uwesu yuleyule, mbele ya foleni nzima, akanionyesha sahihi yangu. "Masharti yalikuwepo, mama. Hukuuliza." Watu wakacheka. Kaka, hela inauma, lakini kile kicheko ndicho kilichoninyima usingizi. Nikaapa kwamba ipo siku.

Barua ya posa ilipoletwa niliona jina, nikadhani ni Uwesu mwingine. Siku wazee walipokutana hapa kwangu nikatoka jikoni na sinia la juisi, na nani kakaa kwenye mkeka wangu na kanzu nyeupe? Aliponiona alibadilika rangi. Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi mpaka juisi ikamwagika.

Unajua shangazi ana nafasi yake. Baba mdogo Omary ndiye alikuwa msemaji wetu, nami nikakaa nyuma yake nikimnong'oneza. Kwanza faini ya kuchelewa, maana kwao ni Momela na matope yaliwakwamisha. Kisha ada ya kuvuka kizingiti, na ada ya kukalia mkeka. Mshenga wao, mzee mpole wa watu, akaomba wapunguziwe; nikadai ada ya kuomba kupunguziwa. Akauliza mbona hawakuambiwa mapema. Hapo sikumnong'oneza mtu, nikasema mwenyewe, "Masharti yalikuwepo, baba. Hamkuuliza." Uwesu akainamisha kichwa. Ndugu zetu wakaangua kicheko, na safari hii aliyechekwa si mimi.

Ningeendelea mpaka magharibi, lakini Baba mdogo akasema sasa binti aulizwe mahari yake, kama dini inavyotaka. Kisa cha kadi Najat alikijua, maana ndiye aliyenibembeleza nilivyolia; jina la mtu wa benki ndilo sikuwahi kumtajia. Pale nyuma ya pazia alikuwa ameshaelewa yote. Akasema, "Nataka kiasi kilekile benki ilichomkata shangazi. Nikikipata nampa yeye. Hayo mengine yote naomba yafutwe."

Nikamwambia mimi sipokei. Mahari ni haki yake, si ya kufidia wizi wa watu wenye tai. Akanijibu taratibu, "Basi shangazi, na mimi siolewi." Kaka, huyu mtoto nimemlea tangu marehemu mama yake alipotuachia, hana hata jino, na hajawahi kunijibu hivyo.

Sasa ona nilipofikishwa. Kisasi nilichokitaka nilikuwa nacho kizima mkononi. Kazi yangu ilikuwa kukataa tu, na Uwesu angerudi kwao bila mke. Nikakataa. Kila jioni alikuja na bahasha, nikamwacha asimame nje kwenye mvua, na wallahi nilikuwa nachungulia dirishani kuhakikisha analowa. Roho yangu ilikuwa tamu kabisa. Ila Najat alikuwa ananipikia, ananipakulia, halafu yeye anakwenda kulala bila kugusa chakula. Hakununa wala hakunilaumu. Angenitukana ningejua la kumjibu.

Jana nikamfungulia. Najat akaipokea bahasha, akanikabidhi. Nikazihesabu hela mara mbili mbele ya huyo kijana, polepole, makusudi. Kisha nikamwambia nimezipokea kwa ajili ya Najat, yeye sijamsamehe na asitegemee. Akasema, "Sawa, shangazi. Nitangoja." Jibu hilo liliniudhi kuliko yote, maana sikupata kasoro ndani yake.

Kwa hiyo mpe Baba mdogo uwakilishi amwozeshe. Najua ukisoma haya damu itakuchemka na utataka kukataa kwa ajili yangu. Usikatae. Hasira ni yangu, niachie mwenyewe. Huyo sasa ni mkwe, kila Idi atakuja kunipa mkono, na mimi sina haraka.

Nisalimie wifi Kauthar, mwambie vitenge nimevipata na rangi zake zimenipendeza. Wabusu watoto. Baba mdogo Omary anakusalimu, na anasema dawa ya macho imemsaidia. Najat anakuamkia sana. Jana usiku alikula, akaongeza.

Mwenyezi Mungu akulinde, akupe riziki ya halali na mikono ya kuishika.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Nusura