Magunia Hayatoki kwa Barua ya Adabu

Iguguno, 2 Juni 2024

Mjukuu wangu Rahabu,

Hujambo huko mjini? Mimi mzima, goti tu ndilo linanung'unika. Mbuzi wazima. Anayeandika ni jirani yangu Kristina. Mimi nasema, yeye anashika kalamu, na akipunguza neno nitajua, maana namwangalia mkono.

Jumapili sita hujakanyaga hapa. Singida mjini si Ulaya, basi linakuja na kurudi mchana mmoja. Unasema duka la Malti linakushika Jumatatu mpaka Jumamosi. Sawa, vitenge lazima viuzwe. Unasema Jumapili unakamua mafuta ya alizeti ili upate biashara yako mwenyewe. Sawa. Lakini nimelea wasichana watano, na kila aliyeniambia hana nafasi alikuwa nayo, ila alimpa mwanamume. Kama ni mwanamume, mlete nimwone meno. Kama ni mimba, ilete pia, sitaifukuza. Ninachokataa ni kufichwa.

Bibi yako

*

Singida, 7 Juni 2024

Shikamoo bibi kizee,

Goti hilo linanung'unika kwa wivu. Linajua marehemu babu angekuwa hai leo angenichukua mimi, akakuacha wewe na mbuzi.

Mwanamume simjui. Labda alipita mbele ya duka nikiwa nakunja vitenge. Sikiliza siku yangu: alfajiri napeleka madumu ya mafuta kwa wateja, saa mbili nasimama dukani, natoka saa kumi na mbili jioni. Jumapili nashinda kinuni, na foleni ya msimu huu ina watu kuliko kanisa. Sasa kuna mama mwenye mgahawa ameahidi kuchukua mafuta yangu kila wiki, mradi ya kwanza yamfikie tarehe kumi na tano Julai. Nikimpata huyo, mwakani namuaga Malti. Nategemea yale magunia yako kumi ya alizeti. Usimuuzie mtu.

Mke mwenzako,
Rahabu

*

Singida, 1 Julai 2024

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema kama mimi nilivyo, kwa uwezo wa Mungu. Dhumuni la barua hii ni kukuomba yale magunia kumi ya alizeti umkabidhi dereva Emilian, atakayefika Alhamisi. Samahani kwa usumbufu. Nakutakia siku njema.

Mjukuu wako mtiifu,
Rahabu

*

Iguguno, 5 Julai 2024

Kwa wewe uliyeandika,

Salamu sikupi mpaka nikujue.

Barua yako Kristina ameisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesikia mtu nisiyemfahamu. Mjukuu wangu hajawahi kuniomba samahani. Hajawahi kunitakia siku njema. Tangu ajue kusema, mimi na yeye tunagombea mume aliye kaburini, na barua isiyonitukana haikutoka kwake. Eti mtiifu. Rahabu huyu ninayemjua mimi?

Dereva alikuja. Nikamkalisha, nikampa ugali na mlenda, nikamuuliza Rahabu ana kovu upande gani. Akasema yeye ni dereva, si daktari. Alijibu vizuri, lakini aliondoka na gari tupu.

Kama wewe ni mwizi, umechagua bibi mbaya. Kama umeandika kwa sababu Rahabu anaumwa na hawezi kushika kalamu, niambie upesi. Nisiposikia kitu mpaka Jumatano, napanda basi mwenyewe, na goti litanisamehe.

Bibi wa Rahabu, si wako

*

Singida, 8 Julai 2024

Shikamoo bibi kizee usiyelala,

Mimi mzima. Barua ile aliiandika Loyce, ninayepanga naye chumba. Nilikuwa natoka mbio kwenda dukani, nikamwambia, mwandikie bibi, mwombe magunia, uwe na adabu. Adabu ndiyo imeniponza. Emilian amerudi mikono mitupu, zamu yangu kinuni amepewa mwingine, na tarehe kumi na tano hiyo hapo. Nimelia stoo kwa Malti, katikati ya majora.

Na wewe unaandikiwa na Kristina. Mbona mimi sikuiti mwizi?

Mke mwenzako, aliyekasirika

*

Iguguno, 10 Julai 2024

Rahabu,

Uko mzima, hilo limenishibisha.

Kristina anaandika ninayosema mimi, mpaka na kikohozi. Loyce aliandika ya shuleni kwake. Tofauti ni hiyo.

Kukuponza nimekuponza, sikatai. Lakini moyo wangu haujatulia. Mtu anayemtuma mwenzake amwandikie bibi yake, kesho atamtuma amzike. Dakika za barua moja zimekwenda kwa nani? Bado kuna kitu unanificha. Njoo Jumapili nikuone kwa macho yangu. Habari za magunia utazijua ukifika.

Bibi yako

*

Iguguno, 15 Julai 2024

Mke mwenzangu,

Ulifika salama? Jana uliingia saa nne asubuhi, ukanisalimia, ukakaa kwenye mkeka uvue viatu, na kabla sijamimina chai ulikuwa umelala. Ulilala mpaka saa kumi. Waliokuja kukuona niliwafukuza wote, na mzee wa kanisa Simeoni akiwemo.

Nilikuchunguza ukiwa usingizini. Nilitazama tumbo, limegusana na mgongo. Nilitazama shingo, mshipa haupigi kama wa mjamzito. Mkoba wako pia niliufungua, ndiyo, mimi: ufunguo, kitana, na andazi lililoumwa mara moja. Kisha nikatazama nyayo zako. Rahabu, zile ni nyayo za mwanamke wa umri wangu. Hapo nikaacha kutafuta. Mwanamume hayupo. Nilikosea, na Kristina nimemwambia aliandike neno hilo kwa herufi kubwa.

Magunia niliyapeleka kinu cha hapa tangu Alhamisi, nikasimama mpaka tone la mwisho, maana mwenye kinu simwamini. Ndiyo yale madumu saba uliyopakia kwenye basi ukiwa nusu usingizini. Barua hii inakuja na basi la asubuhi, basi leo hii yafikishe kwa mama wa mgahawa. Mtazame machoni, na yeye simwamini.

Kuanzia sasa kukamua ni kazi yangu. Wewe una siku saba na kila moja ina mwenyewe. Mimi nina saba na sina Malti. Mafuta yatakuja na basi la Ijumaa.

Jumapili ijayo kinuni usiende, na kwangu usije. Funga mlango, ulale.

Mke mwenzako mkubwa